Umbali Hadi Makazi

Iringa,
6 Mei 2024.

Kwa Bi. Veronika Mwaluanda,
Mtunza Kumbukumbu,
Machimbo ya Mawe Itundwe, Mbeya.

YAH: UKAGUZI WA TAREHE 30 APRILI

Nashukuru kwa ushirikiano mlionipa siku ya ukaguzi. Kabla sijaandika taarifa yangu kuna mambo matatu nataka yakae sawa.

Kwanza, bwawa la kutuliza tope limejaa zaidi ya nusu. Maji yakipita juu yataingia kwenye kijito ambacho watu wa bondeni wanachota. Lini litazolewa?

Pili, mashine ya kusaga kokoto inatakiwa kunyunyiziwa maji wakati wote inapofanya kazi. Nilikuta mpira wa maji umekatika, na fundi akaniambia umekatika asubuhi ile ile. Niliona utando wa buibui kwenye bomba lake. Nataka tarehe ya kweli.

Tatu, kampuni inaomba kulipua uso wa magharibi wa mwamba. Sharti la kibali ni kwamba makazi ya watu yawe umbali usiopungua mita 200 kutoka kwenye uso huo. Mvua ilinizuia kupima, na mkaahidi kupima wenyewe. Nafasi ya umbali kwenye fomu bado iko wazi. Najua mwamba wa mashariki umebakiza kazi ya mwezi mmoja, na kwamba wafanyakazi arobaini na wawili wanasubiri jibu hili. Hata hivyo, kama hazifiki 200, hapalipuliwi.

Naomba majibu kwa maandishi, siyo kwa simu. Simu haikai kwenye faili. Mpe barua kondakta wa basi la asubuhi la Iringa, nitaipokea stendi.

Saulo Kihwele
Mkaguzi


Itundwe, Mbeya,
9 Mei 2024.

Ndugu Mkaguzi,

Barua yako nimeipata. Majibu ni haya.

Bwawa litaanza kuzolewa Jumatatu tarehe 13. Tope litamwagwa kwenye shimo la zamani la mashariki, mbali na kijito.

Mpira wa maji ulikatika tarehe 2 Aprili. Fundi ni mgeni na alidhani unamwuliza siku aliyoambiwa yeye. Mpira mpya umefungwa juzi.

Umbali kutoka uso wa magharibi hadi ukuta wa nyumba ya Bibi Kalista, ambayo ndiyo nyumba iliyo karibu zaidi na machimbo, ni mita 208. Tulipima mara mbili kwa tepu, mimi na Aroni. Inafaa ujue kwamba Aroni ni mpiga drili hapa na ni mume wangu.

Wako katika kazi,
Veronika Mwaluanda


Iringa,
14 Mei 2024.

Bi. Veronika,

Majibu yamepokelewa. Kwa umbali wa mita 208 sharti limetimizwa, na kibali cha uso wa magharibi nimekiweka ndani ya bahasha hii. King'ora kipigwe mara tatu, na mlinzi apite kuwaambia watu waingie ndani kabla ya kulipua.

Nje ya kazi: nisalimie Bibi Kalista. Alipojua kwamba natoka Iringa kama yeye, alikataa nisikae sebuleni. Alisema, "Sebule ni ya wageni wa serikali, wewe mtoto wa nyumbani pita jikoni." Nilikula viazi vyake pale mpaka mvua ikapungua. Miaka mingapi ameolewa huko Usafwani, na bado anasalimia kwa Kihehe, "kamwene", kama ametoka Kilolo jana.

S. Kihwele


Itundwe, Mbeya,
23 Mei 2024.

Ndugu Mkaguzi,

TAARIFA YA AJALI

Tarehe: Jumatano, 22 Mei 2024.
Muda: saa saba na dakika tano mchana.
Mahali: uso wa magharibi, mlipuko wa kwanza.

King'ora kilipigwa mara tatu. Mlinzi, Filemoni, alipita nyumba zote na kuwaambia watu waingie ndani, nao waliingia.

Jiwe moja lenye uzito wa kilo tisa (nimelipima kwenye mizani ya stoo) liliruka na kutoboa paa la jiko la Bibi Kalista. Liliangukia mafiga, likapasua chungu, na kipande kikampiga Bibi begani. Mfupa wa bega la kushoto umevunjika. Alipelekwa hospitali kwa gari la meneja saa nane kasoro dakika kumi. Anajitambua na anazungumza.

Kutoka uso wa magharibi hadi jiwe lilipoangukia ni mita 189.

Hakuna mwingine aliyeumia.

Veronika Mwaluanda


Iringa,
27 Mei 2024.

Bi. Veronika,

Uso wa magharibi umefungwa kuanzia leo. Barua rasmi anapewa meneja wako, Ndugu Marcelino.

Kwako wewe nina swali moja. Tarehe 9 uliniandikia mita 208. Tarehe 23 umeniandikia kwamba jiwe lilimkuta Bibi Kalista mita 189, naye alikuwa ameingia ndani kama alivyoambiwa. Nieleze mita kumi na tisa ziko wapi.

Saulo Kihwele
Mkaguzi


Itundwe, Mbeya,
31 Mei 2024.

Ndugu Mkaguzi,

Nina daftari langu binafsi ninaloandika kila siku tangu nilipokuwa kidato cha pili. Si mali ya kampuni na hakuna aliyewahi kulisoma. Nanakili kurasa mbili kama zilivyo.

"Jumatano, 8 Mei. Jua kali, upepo kidogo. Tumepima kwa Bibi K. Ukuta wa nyumba 208, mara zote mbili. Wakati wa kukunja tepu Aroni alisimama kwenye mlango wa jiko. Jiko liko mbele ya nyumba, upande wetu. Alitazama namba na hakuitamka. Niliiona: 189. Jioni tumekula ugali na mboga ya maboga."

"Alhamisi, 9 Mei. Nimemwuliza meneja: je, jiko? Akasema, 'Veronika, jikoni analala nani?' Nikasema hakuna. Akasema, 'Basi jiko siyo makazi. Andika nyumba.' Nimeandika nyumba. Kila neno nililoandika ni kweli. Barua itapanda basi la kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu."

Mwisho wa kunakili.

Mita kumi na tisa ni uwanja ulio kati ya nyumba na jiko. Bibi Kalista anaingia jikoni alfajiri, na nyumbani anakwenda kulala tu. Mlinzi alipomwambia aingie ndani, aliingia mahali anapopaita ndani. Sisi tunalipua saa saba mchana. Saa hiyo hakuna anayelala popote. Hilo nililijua wakati naandika 208.

Sikuandikii ili kujitetea. Watu arobaini na wawili walikuwa wanasubiri namba, na mmoja wao anakula mezani kwangu. Umeniuliza ziko wapi, nimekujibu.

Meneja hajui kuhusu barua hii.

Veronika Mwaluanda


Iringa,
6 Juni 2024.

Bi. Veronika,

Barua yako imeingia kwenye faili, na hii itaifuata, kwa hiyo naandika nikijua kwamba itasomwa.

Nilikaa kwenye jiko lile dakika arobaini. Nilipewa kigoda, nikavua koti likaanikwa karibu na moto. Begi lilikuwa mapajani mwangu na ndani yake kulikuwa na tepu. Niliona ndoo za maji, kitanda cha kamba cha kupumzikia mchana, redio, miwani yake juu ya kopo la chumvi. Nilipotoka, nilijaza fomu ndani ya gari: "Nyumba moja, tofali za kuchoma, paa la bati." Kuna mstari unaouliza majengo mengine. Nilichora kistari.

Kama angeniweka sebuleni kama mgeni, huenda ningetazama dirishani na kuuliza lile jengo la mbele ni la nini. Alinichukua kama mtoto wake, nikaacha kuwa mkaguzi. Mama yangu huko Kilolo huishi vile vile. Ukimwuliza anaishi wapi atakuonyesha nyumba, ila ukimtafuta utamkuta jikoni.

Nimepewa onyo la maandishi. Faili nimeachiwa nilimalize. Kuhusu wewe, nimependekeza usiondolewe kazini. Sababu niliyoiandika ni kwamba umeitaja 189 mwenyewe, kwenye taarifa ya ajali, kabla hujaulizwa. Ungeweza kuandika "jirani na nyumba".

Kampuni inaweza kuomba upya. Kwa ajili hiyo, neno makazi kwenye faili hili nimeliandikia maana: mahali ambapo mtu analala usiku, au anashinda mchana.

Saulo Kihwele


Itundwe, Mbeya,
19 Julai 2024.

Ndugu Kihwele,

Naandika kwa agizo la meneja kuhusu ombi jipya, kisha nitaongeza ya kwangu.

Mwamba wa mashariki uliisha tarehe 14 Juni. Wafanyakazi thelathini na sita wamesimamishwa bila malipo. Tumebaki sita: meneja, mimi, walinzi wawili wa usiku, fundi na dereva. Aroni ameondoka tarehe 1 Julai kwenda Makongolosi kutafuta kazi ya drili kwenye dhahabu. Bado anatafuta.

Kampuni imemjengea Bibi Kalista jiko jipya nyuma ya nyumba, tofali za saruji, sakafu ya saruji, bati jipya, dirisha la vioo. Limekamilika tarehe 12 Julai. Umbali hadi mlango wake ni mita 231. Nyumba ni 208 kama zamani. Kampuni inaomba uso wa magharibi ufunguliwe.

Hapo ndipo agizo la meneja linapoishia.

Ya kwangu: Bibi alirudi kutoka hospitali tarehe 20 Juni. Siku hiyo hiyo aliagiza jiko la zamani lizibwe paa kwa kipande cha turubai, ingawa msingi wa jipya ulikuwa umeshachimbwa. Nimepita kwake mara tatu tangu jipya likamilike, saa tofauti. Mara zote tatu moshi ulikuwa unatoka la zamani. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Kwani wewe ndiye uliyejenga? Niandikie barua kwa yule mtoto wa Kilolo." Nimeandika kama alivyosema, sikurekebisha kitu. Imo ndani ya bahasha.

Meneja anasema mkaguzi mwenye onyo hatabishana. Nakuandikia hili ili usilisikie kwa mtu mwingine.

Veronika Mwaluanda


Itundwe,
18 Julai 2024.

Mwanangu Saulo,

Kamwene. Mimi sijambo. Mkono unapanda mpaka hapa. Veronika anasema kwenye barua hapa haionekani, basi ni usawa wa sikio. Daktari alisema utafika juu ifikapo kuvuna maharage. Maharage tumeshavuna, mkono haujui.

Nimesikia umeandikiwa onyo kwa sababu ya viazi vyangu. Pole. Ukija tena nitakuweka sebuleni, ukae na kalamu yako.

Kuhusu jiko. Wamejenga jengo zuri, siwezi kulisema vibaya. Nimeweka kuku wanaoatamia, wametulia sana kwa sababu ya vioo. Meneja alikuja na viatu vyake akasema, "Bibi, hili ni jiko la kisasa." Nikamwambia, basi mlete mkeo wa kisasa apike. Alicheka, ila hakumleta.

Jiko hilo halina kichanja. Wewe umekaa kwangu, uliona juu ya mafiga miti imepangwa na mahindi yako juu, moshi unapita katikati. Ndivyo mahindi yanavyokauka na ndivyo mdudu anavyokosa kuyala. Nina magunia sita ya msimu huu, na ndicho chakula changu mpaka mwakani. Kwenye jengo lao nitayaweka wapi? Sakafuni, saruji iyatoe jasho? Niliwasha moto siku moja meneja akiwepo. Moshi ulikosa kazi ya kufanya, ukabaki unanitazama mimi.

Sikatai kuhama. Jiwe silipendi, lilivunja chungu changu cha kupikia maharage, na mpaka leo natumia sufuria. Wala sitaki vijana wa watu wakae bila kazi, wengine nimewazalisha mama zao. Lakini nilikuwa hospitali, nimerudi nimekuta msingi. Hakuna aliyeniuliza jiko likoje. Wangeuliza ningewaambia kwa dakika moja, na bila barua.

Salamu kwa mama yako. Mwambie viazi vya huku ni vikubwa kuliko vyenu.

Bibi Kalista
(alama ya kidole gumba, mbele yangu: V. Mwaluanda)


Iringa,
25 Julai 2024.

Bi. Veronika,

Nimepokea ombi la kampuni, barua yako na barua ya Bibi Kalista. Zote zimo kwenye faili.

Kwa sababu ya onyo nililopewa siruhusiwi kupima peke yangu, na mkaguzi mwenzangu yuko upande wa Madibira mpaka katikati ya Agosti. Utaratibu unaniruhusu kupokea kipimo cha mtunza kumbukumbu wa machimbo, kwa sahihi yake, ndani ya siku saba. Nimekataliwa kuchagua mtu mwingine. Niliomba, kwa kuwa najua Aroni yuko Makongolosi na najua kwa nini.

Swali ni lile lile la kwenye fomu. Umbali kutoka uso wa magharibi hadi makazi ni mita ngapi? Nitasaini kwa namba utakayoleta, na sitaiuliza mara ya pili.

Saulo Kihwele
Mkaguzi


Itundwe, Mbeya,
30 Julai 2024.

Ndugu Kihwele,

Barua yako ilifika Ijumaa. Meneja aliisoma kwanza kwa kuwa ilihusu ombi lake, kisha akanipa akiwa amesimama. Alisema, "Jiko limejengwa, lina mlango, limewashwa moto nikiona kwa macho yangu. La karibu sasa ni nyumba. Andika 208, Vero, na safari hii hata uongo haumo." Nilimwambia hata safari ile uongo haukuwemo. Alikaa.

Jumamosi nilimwonyesha barua ya Bibi, nakala yangu. Aliisoma mara mbili. Aliuliza kichanja kinachukua miti mingapi. Sikujua, na yeye hakujua. Tulikuwa tumejenga jiko watu wawili tusiojua, na mimi nimekulia kwenye jiko lenye kichanja.

Jumapili baada ya ibada alikuja Filemoni, yule mlinzi wa siku ya mlipuko, na wenzake wanne, wote waliosimamishwa. Walikuwa wamesikia, sijui kwa nani. Filemoni akaniuliza, "Dada Vero, kwa hiyo kinachotuweka nyumbani ni mahindi?" Nikamwambia ndiyo, magunia sita. Akasema, "Mimi nilidhani ni serikali." Walikwenda kwa Bibi. Jana walikuwa huko kutwa nzima, na mabanzi yaliyobaki kwenye lori la mbao la Mafinga, wakipanga kichanja kwenye jiko jipya huku Bibi amekaa kwenye kiti nje akiwaelekeza. Walitoboa bati sehemu mbili ili moshi utoke. Meneja aliona bati jipya linatobolewa, akawaacha waendelee. Saulo, yule kijana wa mashine ya kokoto, siyo wewe, aliweka mti mmoja kwa kupinda, na Bibi akamwuliza kama nyumbani kwao wanakula mahindi au wanayatazama.

Kichanja kimekwisha jana jioni. Bibi amesema atawasha moto chini yake wiki nzima bila mahindi, aone moshi unavyokwenda, kisha ndipo ahame. Nilimwuliza kama haiwezi kuwa siku mbili. Akasema inaweza, kama mimi nitakula mahindi yatakayooza.

Meneja ameniomba nisikujibu mpaka wiki hiyo iishe. Siku zako saba zinaisha keshokutwa. Amesema nikuombe uongeze muda. Nimefikiria kukuomba. Aroni alipiga simu jana. Nilimweleza yote, naye akauliza kama nimepata mtu wa kunisaidia kuchimba viazi. Nilimjibu bado. Hakuniambia niandike nini, na mimi sikumwuliza.

Siombi muda. Uliuliza umbali, hukuuliza umbali utakuwa mita ngapi wiki ijayo. Wakihamisha mahindi, kampuni italeta ombi lake na kipimo kipya kitapimwa.

Jibu la fomu:

Umbali kutoka uso wa magharibi wa mwamba hadi makazi ya Bibi Kalista, leo Jumanne tarehe 30 Julai 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwenyewe akiwa ndani anachambua maharage, ni mita 189.

Upande wa machimbo tepu nilishika mimi. Upande wa jiko alishika yeye.

Veronika Mwaluanda
Mtunza Kumbukumbu